Somo la Mwezi: Bustani Idumuyo Kando ya Nyumba



Katika vikao vya parishi halikosi kuzuka neno la kupendezesha uwanja wa kanisa au wa nyumba ya mchungaji. Mmoja husema tupande mawaridi. Mwingine husema tupande ukoka, uwe kijani kama tuuonao katika picha za nyumba za Ulaya. Na mwingine, ambaye mara nyingi ni mama, hukaa kimya, kwa maana anajua ni nani atakayechota maji.

Somo letu la mwezi huu ni juu ya bustani ya maua ya namna ya Kiingereza, ile ipandwayo kuzunguka nyumba ya zamani. Huenda mtu akauliza, hiyo yatuhusu nini sisi watu wa Hombolo, katika nchi ya vumbi na upepo? Yatuhusu sana. Wengi wetu tumeona sura ya bustani hiyo bila kujua siri yake. Tukiijua siri, tutaona ya kwamba tunaweza kuwa na bustani nzuri bila kumnyang'anya mtu yeyote ndoo yake ya maji.

1. MAANA YA MANENO

Kwanza tupambanue aina mbili za mimea. Uwele, mtama, karanga na mahindi ni mimea ya msimu. Huota, huzaa na kufa katika mvua moja, na mwaka ujao hapana budi kupanda tena. Mimea ya kudumu ni ile iishiyo miaka mingi. Mingine huwa miti na vichaka. Mingine hukauka kabisa juu ya ardhi, hata ukipita hapo utadhani hapana kitu, kumbe chini yamo mizizi hai, au kitunguu, au kiazi, kinachongoja wakati wake.

Wakulima wa zabibu hawahitaji kuelezwa sana. Mzabibu uliokwisha kupogolewa huonekana kama kuni. Mgeni akiuona atasema umekufa. Mwenye shamba hasemi hivyo, kwa sababu anajua uhai uko wapi.

Basi bustani ya Kiingereza tunayoizungumza ni bustani ya mimea ya kudumu. Wakati wa baridi kali katika nchi ile, karibu yote hunyauka na kulala ardhini. Baridi ikipita, huchipua yenyewe. Siri yake ndiyo hiyo: kila mmea umechaguliwa kwa kuwa unaweza kuvuka majira mabaya ya mahali pale kwa nguvu ya mzizi wake.

2. NYUMBA YA GRAVETYE

Katika jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza, iko nyumba ya mawe iitwayo Gravetye Manor. Ilijengwa mwaka 1598, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Katika miaka ya 1880 ilinunuliwa na mtu aitwaye William Robinson, naye alikaa humo mpaka alipofariki mwaka 1935. Siku hizi nyumba hiyo ni hoteli, na bustani yake ingali inatunzwa.

Robinson hakuzaliwa katika utajiri. Alizaliwa Ireland mwaka 1838, akaanza kazi akiwa kijana wa bustani katika nyumba za watu wakubwa. Mwaka 1861 alikwenda London, akapewa kazi ya kutunza mimea katika bustani moja ya wataalamu huko Regent's Park. Baadaye alikuwa mwandishi. Mwaka 1870 alitoa kitabu kiitwacho The Wild Garden, na mwaka 1883 akatoa kingine, The English Flower Garden, kilichosomwa sana na kuchapwa mara nyingi. Fedha alizopata kwa kuandika vitabu na magazeti ya bustani ndizo zilizomnunulia nyumba ile.

Robinson aligombana na desturi ya matajiri wa siku zake. Nao walikuwa wakiotesha maelfu ya miche ya maua ya nchi za joto ndani ya nyumba za vioo, zilizopashwa moto kwa makaa ya mawe. Baridi ilipokwisha walipanda miche hiyo mbele ya nyumba kwa mistari na duara, kama zulia lililofumwa. Baada ya miezi michache baridi ilirudi, na yote yakang'olewa na kutupwa. Mwaka uliofuata wakaanza tena. Robinson aliona huo ni ubadhirifu wa fedha na wa kazi za watu. Tena aliona ni kuipinga nchi badala ya kuisikiliza.

Yeye na rafiki yake, bibi mmoja aitwaye Gertrude Jekyll (1843 hadi 1932), walikwenda kujifunza mahali ambapo matajiri hawakutazama. Walitazama nyua za vibarua wa mashambani. Maskini wale hawakuwa na nyumba za vioo wala makaa. Walipanda yale yaliyoweza kuishi yenyewe, wakachanganya maua na mboga na dawa, na jirani akampa jirani kipande cha shina. Hivyo ile bustani tuionayo leo kuwa ni fahari ya nyumba kubwa ilitoka kwa sehemu kubwa katika nyua za watu wadogo.

Lakini tusifiche upande wa pili. Bibi Jekyll, katika nyumba yake ya Munstead Wood, alikuwa na tuta moja la maua lenye urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 4. Tuta la namna hiyo halijitunzi. Yeye na Robinson walikuwa na watunza bustani wa kuajiriwa. Kwa hiyo tukichukua mafundisho yao, tuchukue hekima ya kuchagua mimea, wala tusichukue ukubwa wa tuta.

3. UA LETU LILILOKWENDA ULAYA

Liko jambo ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya maua yaliyojaza nyumba za vioo za Ulaya yalitoka kwetu.

Liko ua moja dogo la kivulini, la rangi nyekundu, ya waridi au nyeupe, lenye mbegu zinazoruka ganda likiguswa. Asili yake ni Afrika ya Mashariki, sehemu zenye unyevu. Mwaka 1868 lilipewa jina la kitaalamu Impatiens walleriana, kwa heshima ya Horace Waller. Huyu Waller alikuja Afrika mwaka 1861 pamoja na misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, iliyoongozwa na Askofu Mackenzie katika bonde la mto Shire. Baadaye alikuwa kasisi wa kijiji cha Twywell huko Uingereza. Ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapwa mwaka 1874, naye alisaidiwa na Susi na Chuma, wale waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani.

Ua hilo hilo lilipelekwa tena Uingereza kutoka Unguja na balozi John Kirk. Mwaka 1882 wataalamu walidhani ni ua jingine, wakaliita kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mwishowe ilionekana ya kwamba ni mmea mmoja.

Sasa angalieni. Hapa kwetu, milimani na penye mito, ua hili ni la kudumu. Uingereza ni la msimu tu, kwa sababu baridi ya kugandisha maji huliua. Mmea haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali. Na waridi tunalolihangaikia hapa Hombolo ni kisa kile kile kilichogeuzwa: kule laweza kuishi kwa mvua ya mbinguni, hapa laishi kwa mgongo wa mchota maji. Tukipanda ukoka na mawaridi katika kiangazi cha Ugogo, tunafanya lile lile ambalo Robinson aliwalaumu matajiri wa Uingereza kwa kulifanya.

4. HESABU YA MVUA NA HESABU YA NDOO

Wengine husema Uingereza maua husitawi kwa kuwa mvua ni nyingi mno. Si kweli kwa kila mahali. Mji wa London hupata karibu milimita 600 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata kati ya 500 na 600 katika mwaka wa kawaida. Tofauti si kubwa. Tofauti iko katika mgawanyo. Mvua ya London hunyesha kidogo kidogo miezi yote kumi na miwili, chini ya jua hafifu. Yetu huanguka tangu Desemba mpaka Aprili, tena mara nyingi kwa kishindo, ikakimbilia korongoni. Kisha tangu Mei mpaka Novemba mbingu hufungwa, na jua na upepo hufanya kazi yao.

Basi majira mabaya ya Mwingereza ni baridi, na majira mabaya yetu ni kiangazi. Anayetaka bustani ya kudumu Hombolo atafute mimea inayolala wakati wa kiangazi, au inayokivuka kwa akiba iliyo mwilini mwake.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme tumepanda mashina 30 ya waridi, na kila shina tunalipa nusu ndoo, yaani lita 10, mara mbili kwa juma. Hizo ni lita 600, au ndoo 30 kwa juma. Kiangazi kina majuma kama 30. Jumla ni ndoo 900 mpaka mvua zirudi. Nani atazibeba?

Naandika haya kwa sababu nilizibeba. Nilipokuwa mtoto wa shule, palikuwa na nyumba moja ya zamani ya misheni, nayo ilizungukwa na mawaridi. Wanafunzi tulipangwa zamu ya kumwagilia. Oktoba moja kisima kilipungua sana, tukawa tunangoja maji yajikusanye. Nyuma yetu alisimama mama wa mwenzetu mmoja, na mtoto mgongoni, tangu alfajiri. Alipoona ndoo zetu zimejaa akatuuliza kwa upole, "Wanangu, maji hayo mnampelekea nani?" Tukajibu, "Mama, ni ya maua." Hakutugombeza. Alisema tu, "Haya, nendeni," akakaa chini kungoja tena. Mimi sijasahau sauti ile.

Miaka michache baadaye zamu zilikoma, na mawaridi yale hayakumaliza kiangazi kimoja. Lakini kando ya ngazi ya nyumba palikuwa na kichaka cha shubiri mwitu ambacho hakuna aliyewahi kukimwagilia. Nilipopita hapo mwezi wa Julai, nikiwa mtu mzima, kilikuwa kimesimamisha maua yake mekundu, na ndege wadogo walikuwa wakiyanyonya. Bustani ya kudumu ilikuwa pale siku zote, ila sisi hatukuihesabu kuwa bustani.

5. NYUMBA NA UA WAKE

Yafaa tukumbuke pia ya kwamba wazee wetu walikuwa na mpango wao. Nyumba ya Mwingereza husimama katikati, na bustani huizunguka. Tembe la Mgogo lilifanya kinyume: nyumba ilizunguka ua. Paa lake lilikuwa bapa, la miti na udongo, kuta zake fupi, na katikati palikuwa na uwanja ambamo mifugo ililala usiku. Upepo mkali ulizuiwa, na mali ililindwa.

Kwa hiyo tukitengeneza bustani kando ya nyumba zetu za sasa tusione haya kujifunza kwa tembe. Mahali pa kwanza pa kupanda ni ule upande wa nyumba unaokingwa na upepo, wenye kivuli cha mchana. Na penye uwazi hapana budi kuwe na ua, kwa maana baada ya mavuno mbuzi hutembea watakapo. Mnyaa ni ua mzuri, hauliwi na hauhitaji maji. Lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, basi usipandwe watoto wanapochezea.

6. NAMNA YA KUPANDA HAPA HOMBOLO

Kwanza, chagua mimea ili kila wakati uwe na ua lake. Hivyo ndivyo alivyofundisha Bibi Jekyll. Kiangazi kinapoanza na katikati yake, shubiri mwitu huchanua, na bogenvilia nayo huendelea ingawa ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama chupa, huchanua likiwa halina majani. Mvua za kwanza zikianguka, hutokeza lile ua jekundu la mviringo kama mpira, ambalo huja hata kabla ya majani yake kukamilika. Katikati ya mvua huja gladiola. Wengi huiona juu ya meza ya harusi na kudhani ni ya Ulaya, kumbe mmoja wa wazazi wake wakubwa ni ua la porini la Afrika, nalo hupatikana hata Tanzania. Kiazi chake hulala ardhini kiangazi chote. Mkonge mwitu, wenye majani magumu ya madoa, hujaza nafasi mwaka mzima.

Pili, jihadhari na sumu. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na kitunguu cha lile ua la mpira pia. Wafundisheni watoto, wala msivipande karibu na bustani ya mboga.

Tatu, usiende porini kung'oa kila kitu. Chukua chipukizi, mbegu au kipande, uache mama yake pale.

Nne, chimba mashimo mwezi wa Novemba, tia samadi iliyooza, na panda mvua zikishika. Mmea upate miezi minne ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Kuzunguka kila shimo fanya kingo kama bakuli, ili mvua ya kishindo isikimbie. Acha hatua mbili kutoka ukutani, hasa kama nyumba ni ya tofali mbichi, maana maji yakisimama hapo yatakula msingi.

Tano, funika udongo. Majani makavu ni mazuri, lakini mchwa wetu huyamaliza upesi. Mawe madogo yaliyopangwa kuzunguka shina hufanya kazi ile ile, na mchwa hawali mawe.

Sita, angalia maji unayotumia. Bwawa la Hombolo, lililomalizika kujengwa mwaka 1957 kwa kuuzuia mto Kinyasungwe Ndogo, ni baraka kubwa, lakini maji yake yana chumvi. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi, jua hukausha maji na kuacha chumvi juu. Ncha za majani zitaungua. Mmea ukikosa nguvu mwaka wa kwanza, afadhali umwagilie mara chache kwa maji mengi, shinani wala si juu ya majani. Maji ya mvua kutoka paa la bati ni bora zaidi. Paa la mita 10 kwa 10, kwa mvua ya milimita 500, hupokea lita 50,000. Hata zikipotea nyingi, zinabaki za kutosha kuitwa akiba. Lakini akiba hiyo kwanza ni ya watu. Mimea ipewe yale yaliyokwisha kuoshea mboga.

Saba, uwe na subira. Mmea wa kudumu mwaka wa kwanza hauonyeshi kitu, kwa sababu kazi yake iko chini. Twakumbuka mfano wa mtini usiozaa, na yule mtunza shamba aliyeomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia samadi. Hakuomba mtini mwingine. Aliomba muda.

Nane, kichaka kikinenepa baada ya miaka mitatu au minne, kichimbue, kigawanye, mpe jirani. Vibarua wa Uingereza walifanya hivyo bila kununua kitu. Shubiri moja iliyopandwa kanisani yaweza kufika katika kila nyumba ya parishi.

7. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

(a) Katika uwanja wa kanisa letu, ni mimea gani iliyo hai mwezi wa Oktoba bila kumwagiliwa? Nendeni mkaihesabu.

(b) Ni nani achotaye maji ya maua yetu sasa? Je, aliulizwa?

(c) Wazee wa kikundi waeleze mimea iliyokuwa kando ya tembe la zamani, na kazi yake.

(d) Kama tungekuwa na ndoo 5 tu za maji kwa juma kwa ajili ya uwanja wote, tungezitumia wapi?

Ndugu zangu, mtu apitaye mwezi wa Machi atasifu kila uwanja wa Hombolo, kwa kuwa Machi hata magugu huchanua. Bustani idumuyo hupimwa mwezi wa Oktoba. Tuanze na mashimo matano mwaka huu, na tuwaite akina mama katika kikao kabla ya kuyachimba.